Saratani na sahani: chungu cha maharage kinatangulia chupa ya vidonge

Iwe Gitega au Muyinga nchini Burundi, mgonjwa wa saratani hakosi washauri. Huyu anamletea unga wa mlonge, yule majani ya mstafeli, mwingine vidonge vya vitamini vinavyosifiwa kusafisha damu. Papo hapo anakatazwa nyama na sukari, eti vinalisha uvimbe. Pesa ya chakula inaishia kwenye chupa.

Ni kweli kwamba seli za saratani hutumia sukari kwa wingi. Lakini mtu akishinda njaa, ini hutengeneza sukari kutokana na protini ya misuli yake. Anayekonda ni mgonjwa, si uvimbe. Aliyepoteza misuli huzidiwa haraka na madhara ya dawa, na mara nyingi daktari hulazimika kupunguza dozi au kuahirisha tiba.

ESPEN, chama cha wataalamu wa lishe ya tiba barani Ulaya, kinapendekeza kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1, ikiwezekana gramu 1.5. Kwa mtu wa kilo 50 hiyo ni protini ya gramu 50 hadi 75. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina takriban gramu 15, yai moja gramu 6, na ndagala (dagaa) wakavu wa Ziwa Tanganyika wana protini nyingi hata kwa kiganja kimoja. Isombe, yaani kisamvu, ikiungwa kwa karanga na mawese huongeza nguvu.

Je, vidonge vina ubaya gani? Nchini Finland, wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara walishiriki utafiti uliotolewa mwaka 1994. Waliopewa vidonge vya betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Utafiti kama huo Marekani ulisitishwa mwaka 1996 kwa sababu hiyohiyo.

Vidonge pia hugongana na tiba. Dawa ya saratani ya methotrexate huzuia seli kutumia asidi ya foliki, ambayo ni vitamini. Anayemeza vidonge vya foliki kwa hiari yake anaweza kuipunguzia nguvu. Lakini anayetibiwa kwa dawa nyingine ya saratani, pemetrexed, hupewa foliki kwa makusudi, ili kumkinga na madhara. Kwa hiyo jirani aliyenufaika na kidonge si kipimo chako. Vitamini ina nafasi yake pale vipimo vinapoonyesha upungufu.

Hamu ikikatika, kula kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku. Kichefuchefu kikizidi, chakula kilichopoa hakina harufu kali. Mwenye vidonda mdomoni ataweza uji wa soya, parachichi au ndizi zilizopondwa. Kwa kuwa dawa za saratani mara nyingi hushusha chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, chemsha maji na maziwa, na pika mayai yakauke.

Unapokwenda kliniki, au ukivuka mpaka wa Kobero kuelekea hospitali ya Bugando, Mwanza, Tanzania, beba kila kifurushi unachotumia, hata cha mitishamba, umwonyeshe daktari. Jipime uzito kila wiki kwa mizani ileile. Ukipoteza zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6, yaani kilo 2.5 kwa mtu wa kilo 50, usingoje tarehe ya kliniki.