Fahamu: Balbu ya LED si dawa ya kila taa hafifu ya gari

Wamiliki wengi wa magari yaliyotumika kwa miaka 20 au zaidi hukutana na tatizo moja wanaposafiri usiku: taa za mbele hutoa mwanga hafifu wa manjano, ilhali magari mapya yanayopishana nao yanamulika mwanga mweupe na mkali. Katika maduka ya vipuri, jibu linalotolewa kwa haraka ni balbu za LED, ambazo huingia katika soketi ileile ya zamani na kufungwa kwa dakika chache. Badiliko hilo lina manufaa katika baadhi ya taa za gari. Kwa taa kubwa za mbele, hata hivyo, linaweza kumpofusha dereva anayekuja upande wa pili, hata pale ambapo mwenye gari anaamini kuwa sasa anaona vizuri zaidi.

Sababu ipo katika namna taa ya mbele inavyoundwa. Taa si balbu peke yake, bali ni balbu, kiakisi mwanga kilicho nyuma yake na kioo cha mbele, vyote vikiwa vimepimwa kufanya kazi pamoja. Balbu ya H4, inayotumika katika magari mengi ya zamani kutoka Japani, ina filamenti mbili, yaani nyaya nyembamba zinazowaka ndani ya balbu. Moja ni ya mwanga wa juu, ambao madereva huuita "full", na nyingine ni ya mwanga wa chini, yaani "dim", unaotumika magari yanapopishana. Chini ya filamenti ya mwanga wa chini kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya kiakisi. Kikombe hicho ndicho kinachochora ule mstari unaoonekana ukutani, wenye mwanga chini na giza juu, na ndicho kinachoyakinga macho ya dereva wa upande wa pili.

Balbu ya LED haina filamenti. Mwanga wake hutoka katika vipande vidogo vilivyobandikwa kwenye pande mbili za bamba la chuma, na si kuzunguka pande zote. Vipande hivyo visipokaa mahali hasa pa filamenti, hata kwa tofauti ya milimita moja au mbili, kiakisi hutawanya mwanga kinyume na kilivyokusudiwa. Eneo lililo karibu na gari hung'aa sana, mstari wa mwanga hupotea na sehemu ya mwanga hupanda juu. Mng'ao huo wa karibu ndio unaomridhisha mwenye gari. Lakini jicho lililozoea mng'ao wa karibu huona kwa shida vilivyo mbali gizani, na mtembea kwa miguu au ng'ombe aliyesimama barabarani huhitaji kuonekana akiwa mbali.

Maelezo yaliyoandikwa kwenye maboksi hayasaidii sana. Balbu ya kawaida ya H4 ya volti 12 hutumia wati 60 kwa mwanga wa juu na wati 55 kwa mwanga wa chini, na hutoa takriban lumeni 1,650 na 1,000 mtawalia. Boksi linalodai lumeni 20,000 kutoka balbu moja ya ukubwa huohuo linapaswa kumtia mnunuzi shaka badala ya kumvutia.

Baadhi ya nchi zimeweka msimamo wa wazi. Nchini Uingereza, mwongozo wa ukaguzi wa kila mwaka unaelekeza kuwa gari lililoanza kutumika tarehe 1 Aprili, 1986 au baadaye lifelishwe iwapo taa yake ya halojeni imefungwa balbu ya LED, pikipiki hazihusiki. Ujerumani iliruhusu balbu za aina hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 2020, lakini kwa bidhaa iliyopimwa na kwa aina za magari zilizotajwa kwenye orodha tu. Hivyo balbu iliyokubalika katika gari moja si lazima ikubalike katika lingine, hata kama soketi zinafanana.

Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka mmiliki kuhakikisha gari lake liko katika hali salama kwa matumizi ya barabara, na askari wana mamlaka ya kulikagua. Kauli ya muuzaji kwamba balbu "haina shida" haimwondolei mmiliki wajibu huo.

Kabla ya kununua balbu mpya, ni vyema kujiuliza kwa nini taa ya zamani imefifia. Mara nyingi kosa si la balbu. Katika gari lenye umri mkubwa, nyaya, swichi na viunganishi vya ethi hushika kutu na kupunguza umeme unaofika kwenye taa. Balbu ya halojeni huathirika sana na upungufu huo: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Fundi umeme wa magari anaweza kupima kwa dakika chache, injini ikiwa inanguruma na taa zikiwa zimewashwa, akilinganisha volti za kwenye betri na zile zinazofika kwenye balbu. Tofauti ikizidi volti moja, tiba ni kusafisha ethi, kubadili viunganishi na pengine kuongeza rilei na waya mnene zaidi.

Sababu nyingine huonekana kwa macho. Kioo cha plastiki kilichochujuka kwa jua na kuwa na ukungu wa manjano huzuia mwanga, na kinaweza kusuguliwa na kung'arishwa. Kiakisi kilichobanduka rangi yake ya fedha hakina dawa ila kubadilishwa pamoja na taa nzima. Hakuna balbu, iwe ya halojeni au ya LED, itakayofanya kazi vizuri mbele ya kiakisi kilichokufa.

Yapo pia matatizo ya ufungaji. Balbu za LED hupeleka joto nyuma, hivyo huwa na feni au mapezi ya chuma ya kupoza. Mapezi hayo yanapozuia mfuniko wa mpira kurudi mahali pake, baadhi ya mafundi huutoboa au kuuacha wazi, na vumbi na maji ya mvua huingia ndani ya taa. Wenye malori na mabasi yanayotumia volti 24 wanapaswa kuhakikisha balbu imeandikwa volti hizo. Ya volti 12 pekee itaungua.

Hali ni tofauti kwa taa ndogo. Taa za ndani na za namba ya gari hazina hatari hiyo ya kumpofusha mtu, na LED hupunguza matumizi ya umeme. Taa za breki zinaweza kunufaika kwa sababu LED huwaka papo hapo, ilimradi nyuma ya kioo chekundu ifungwe LED nyekundu; nyeupe hupoteza sehemu kubwa ya mwanga wake na huweza kuonekana ya waridi. Kwa indiketa, flasha ya zamani hutegemea umeme unaovutwa na balbu za wati 21. LED huvuta kidogo mno, na flasha hudhani balbu imeungua, ikaanza kupepesa kwa kasi. Njia bora ni kununua flasha inayokubali LED. Wapo wanaofunga rezista badala yake, lakini kifaa hicho hupata joto kali na hakipaswi kugusa plastiki wala nyaya.

Jambo moja husahaulika, nalo ni upande ambao taa imeundwa kumulika. Tanzania huendesha kushoto, kama Japani, hivyo mwanga wa chini hunyanyuka kidogo upande wa kushoto. Gari lililotoka nchi inayoendesha kulia humulika macho ya wanaokuja, hata likiwa na balbu halisi za kiwandani.

Baada ya kazi yoyote ya taa, upimaji unaweza kufanyika nyumbani. Gari lisimamishwe kwenye sakafu tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na upepo sahihi katika matairi, na urefu wa kitovu cha taa kutoka chini uwekewe alama ukutani. Kwa gari dogo la kawaida, mstari wa mwanga wa chini unapaswa kuwa sentimita 10 hadi 13 chini ya alama hiyo. Ikiwa baada ya kufunga balbu mpya hakuna mstari unaoonekana, bali doa la mwanga lililotapakaa, skrubu za kurekebisha taa hazitasaidia. Balbu hiyo iondolewe na ile ya zamani irudishwe.