Kwa Nini Dawa Moja Haiwi Sawa kwa Kila Mtu?

Tuseme watu wawili wa kijiji kimoja wilayani Mbozi wanaugua kifua kikuu. Uzito wao ni sawa, na vidonge wanavyopewa ni sawa. Baada ya miezi miwili mmoja yuko shambani anapalilia kahawa. Wa pili analalamika kwamba nyayo zinamwaka moto kama amekanyaga majivu. Majirani wanasema amerogwa. Hakurogwa, wala dawa si mbovu.

Dawa ukiimeza haikai mwilini siku zote. Mwili huisaga, kisha huitoa kwa mkojo na kwa choo. Wasagaji ni vitu vidogo sana viitwavyo vimeng'enya. Vimeng'enya ni protini, na mwili huvitengeneza wenyewe. Vifikirie kama mashine za kusaga mahindi. Mashine kubwa iko kwenye ini. Ndogo ziko kwenye ukuta wa utumbo, kwenye figo na kwenye mapafu. Kila moja ina kazi yake. Ile ya utumbo husaga baadhi ya dawa hata kabla hazijaingia kwenye damu, na nyingine haizigusi.

Mashine hizi tunazirithi kwa baba na mama. Wako wenye mashine za haraka na wako wenye za polepole. Angalia kahawa yetu. Mmoja hunywa kikombe usiku akalala fofofo. Mwingine akinywa saa kumi jioni anakesha. Sababu mojawapo ni hiyo hiyo, kimeng'enya cha ini. Kuwa na mashine ya polepole si ugonjwa.

Turudi kwa yule wa nyayo. Kati ya dawa za kifua kikuu imo isoniazidi. Kwa mtu wa polepole, isoniazidi hukaa muda mrefu kwenye damu. Hupunguza vitamini B6, na neva za miguu zinaumia. Tiba yake ni vidonge vya vitamini hiyo. Mgonjwa akisema mapema atasaidiwa, naye ataendelea na dawa zake. Akipunguza vidonge kwa siri, vijidudu vinazoea dawa, na kifua kikuu sugu ni kazi ngumu sana kukitibu.

Hali kama hii ilionekana pia kwa efavirenzi, dawa ya virusi vya UKIMWI iliyotumika sana nchini kabla ya 2019. Watafiti walilinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia waliopewa kipimo kimoja. Damu ya Watanzania ilikuwa na dawa nyingi zaidi. Wengine walipata kizunguzungu na ndoto za kutisha, wengine hawakusikia kitu.

Mashine inaweza pia kuharakishwa. Rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, hulifanya ini lisage dawa nyingine upesi mno. Hapa akina mama wasikilize vizuri. Vidonge vya uzazi wa majira na vijiti vya mkononi hupungua nguvu, na mimba inaweza kuingia. Kitanzi na kondomu haviguswi. Anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya virusi vya UKIMWI huongezewa kipimo, asubuhi na jioni badala ya mara moja kwa siku. Kwa hiyo mtaje mganga dawa zote unazotumia, hata za miti shamba, hata zile ulizonunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Mganga hakuulizi ili akugombeze.

Na kidonge cha jirani usikimeze. Kilipimwa kwa uzito wake na kwa ugonjwa wake.

Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe. Lakini macho yakiwa ya njano, au ukitapika mfululizo na kukosa hamu ya kula, ini linaumia. Acha komoni na pombe zote. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, usingoje siku ya kliniki, na uchukue pakiti zako zote za dawa mkononi.