Moja, Mbili, Geuka: Tulivyofunzwa Garba Queensbury

Jumamosi tatu mfululizo tulipanda treni ya Jubilee hadi Queensbury, London, kujifunza garba, ngoma ya Wagujarati inayochezwa siku tisa za Navratri. Mitaa hii ina familia nyingi za Kigujarati zilizotoka Kenya, Tanzania na Uganda. Za Uganda zilifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Mwalimu wetu, mama mzaliwa wa Mombasa, alituhesabia kwa Kiswahili: moja, mbili, makofi, geuka!

Tulikuja na madaftari tuandike hatua kwa ajili ya onyesho la chama. Akatuambia tuyafunge. “Miguu haijui kusoma, wanangu.” Tukajifunza kwa kumfuata aliye mbele kwenye duara. Aliyekosea hakusimamishwa, alizunguka tena.

Mzozo ulizuka tulipowaza jukwaa. Makofi ya garba hupigwa kuelekea katikati, hivyo nusu yetu tungewapa watazamaji mgongo. Wengine walitaka tujipange safu. Tulibishana hadi kituoni. Mwishowe tukakubaliana: duara libaki, jukwaa liondoke. Siku ya onyesho viti vitazunguka ukumbi, na anayetaka kuingia aingie. Wahadhiri wetu, karibuni. Madaftari yaacheni nyumbani.