Rupia Mbili za Mdachi: Namna ya Kuipima Sarafu Iliyochakaa

Leo twataka kuzungumza juu ya sarafu moja ya fedha iliyo adimu, na jinsi ya kuipima ikiwa imechakaa, asipunjike mwuzaji wala mnunuzi. Twaanza na kosa letu wenyewe, kwa kuwa ndilo lililotufundisha.

Mama mjane mmoja wa kule mpakani, upande wa Vanga, alitujia na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na sarafu nyeusi kama chungu, kubwa kuliko sarafu yo yote tunayotumia siku hizi. "Mchungaji," akasema, "hii aliiacha marehemu babu yao watoto. Nitazamie kama yaweza kulipa karo ya huyu wetu wa mwisho." Nasi tulitaka kuyasoma maandishi. Basi tukachukua majivu na ndimu, tukaisugua mpaka ikang'aa kama sufuria mpya. Mama akafurahi, nasi tukafurahi. Tulipoifikisha kwa mtu anayezijua sarafu za kale, aliiinamisha mara moja tu dirishani, akaturudishia. Alituambia ya kuwa ingalibaki na weusi wake angaliipa daraja la kupendeza, lakini sasa hana daraja la kuipa. Tulirudi nyumbani kimya.

Sarafu yenyewe ni hii. Mwaka wa 1890 Kampuni ya Kidachi ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia zake za fedha, kwa kipimo kile kile cha rupia ya Bara Hindi ambayo wafanya biashara wa pwani walikwisha kuizoea: gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 917 ni fedha safi. Mwaka wa 1893 na wa 1894 ikatolewa na sarafu ya rupia mbili, yenye uzito wa gramu 23.32. Za mwaka wa 1893 zilipigwa 33,000, na za 1894 zilikuwa 18,000 tu. Baada ya hapo hazikupigwa tena. Upande mmoja yupo Kaizari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na jina lake kwa Kilatini. Upande wa pili yupo simba na mti mfano wa mnazi, pamoja na jina la Kampuni. Waingereza walipoitwaa nchi, rupia iliondolewa: florini ikashika nafasi yake mwaka wa 1920, na baadaye shilingi.

Sasa tuje kwenye kupima. Sarafu haichakai pote kwa pamoja. Huchakaa kama kizingiti cha mlango, pale panapoguswa zaidi, yaani pale palipoinuka. Kwa hiyo usianze kutazama herufi, kwa sababu herufi zimekingwa na ukingo nazo hudumu sana. Mtazame tai. Je, manyoya ya mbawa zake yahesabika, au amekuwa donge tu? Kisha shuka kwenye masharubu ya Kaizari, nyusi na bega. Geuza upande wa pili, umtazame simba: manyoya ya shingo yake yangalipo, au mwili wote umekuwa bapa kama kivuli?

Ishike sarafu kwa ukingo, si kwa uso, maana jasho la vidole huacha alama. Simama karibu na dirisha asubuhi au jioni, mwanga uje kwa ubavu, uiinamishe polepole. Jua la utosini huficha mambo mengi. Ukiweza kuazima kile kioo cha fundi wa saa, hewala.

Majina ya madaraja yataka tahadhari. Waingereza wana daraja waliloliita "njema", na mgeni akilisikia hudhani ni sifa. Kumbe sarafu iliyo "njema" kwao ni ile iliyosagika karibu yote, yabaki umbo la kichwa na maandishi! Ni kama sisi tunapoulizwa habari: mtu ana homa, paa linavuja, naye hujibu, "Njema tu." Wadachi nao wana neno lao la "nzuri" kwa sarafu iliyochakaa sana ingawa bado yasomeka. Mmarekani mmoja, William Sheldon, alileta hesabu mwaka wa 1949 kwa ajili ya senti za kale za kwao, kutoka 1 hadi 70, na leo hesabu hiyo hutumika kwa sarafu za nchi nyingi. Hiyo "njema" ya Waingereza yaangukia kwenye 4. Ile ambayo mistari yake mikubwa yote yaonekana ingawa imelainika ni 12; iliyochakaa kidogo tu pale juu ni 40; isiyotumika kabisa yaanzia 60.

Pande mbili zaweza kutofautiana, na wapimaji waangalifu hutaja kila upande peke yake. Ukisitasita kati ya madaraja mawili, sisi twaona utaje lile la chini. Mwenye mali hatalipenda, twajua. Lakini mnunuzi ana macho, tena ana kioo.

Sasa huko kusugua. Fedha iliyozeeka bila kuguswa huwa na weusi katika mabonde yake, kuzunguka herufi na mikunjo ya vazi, na mahali palipoinuka huwa pamefifia kwa upole. Iliyosuguliwa hung'aa mpaka ndani ya mabonde, na ukiiinamisha utaona mikwaruzo myembamba imekimbia upande mmoja, ikapita juu ya uso na juu ya herufi bila kubagua. Mikono ya watu sokoni haifanyi hivyo. Majivu hufanya, na dawa ya meno, na waya wa kusugulia sufuria. Sarafu ya namna hiyo, hata tai wake akiwa mzima, huandikwa tu kwamba imesuguliwa, na bei huanguka. Ikiwa imetobolewa ili ivaliwe shingoni, hali kadhalika huandikwa.

Tena, kwa kuwa ni adimu, bandia zake ni nyingi. Sumaku isiivute. Sonara aipime: iliyochakaa yaweza kupungua kidogo chini ya gramu 23.32, lakini ikipungua sana hali tai angali na manyoya yake yote, shuku.

Yule mama tulimwendea tukamweleza. Aliiuza hatimaye kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono wetu: "Rupia mbili, 1893. Tai aonekana vizuri. Imesuguliwa na sisi kwa majivu." Mnunuzi aliisoma mara mbili, akacheka, akatoa fedha za muhula mmoja. Karo ya muhula wa pili tuliitoa sisi.