UZI: Vifaru wawili wa mwisho, na maswali matatu ya kumuuliza mwanasiasa

1/ Mjadala wa bajeti ukigusa wanyamapori, mmoja atasema "watu wana njaa na nyinyi mnalea vifaru." Mwingine atajibu "vifaru ni fahari yetu." Wote wanapigiwa makofi, na hakuna aliyeeleza kitu. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si udaktari wa mifugo, lakini hii nimeifuatilia. Twende polepole.

2/ Vifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili dunia nzima, Najin na bintiye Fatu. Wako Ol Pejeta, Laikipia. Walizaliwa kwenye zoo ya Dvůr Králové, Ucheki. Fatu alizaliwa 2000, na baada yake hakuna ndama mwingine.

3/ Mbona waliletwa huku? Kule zoo walikuwa wameacha kuzaa. Desemba 2009 wakaletwa wanne, madume wawili na majike wawili, kwa matumaini kwamba mazingira ya Afrika yatasaidia. Walipandana, lakini mimba haikushika. Suni akafa 2014, Sudan 2018. Dume hakuna tena.

4/ Sasa kazi imehamia maabara. Tangu 2019 mayai hutolewa Laikipia na kurutubishwa Italia kwa mbegu zilizogandishwa. Najin alipumzishwa 2021, kwa hivyo tumebaki na mayai ya Fatu tu. Wote wawili hawawezi kubeba mimba, ndiyo maana wanatafutiwa mama wa kupandikizwa, kifaru mweupe wa kusini.

5/ Swali la kwanza: pesa ni ya nani? Sehemu kubwa ya utafiti imefadhiliwa na serikali ya Ujerumani. Anayesema ati ni unga wako umeenda huko, aonyeshe ukurasa wa bajeti.

6/ La pili: mali ni ya nani? Kisheria vifaru hawa ni wa ile zoo, na kiasili jamii yao haikuwa ya Kenya. Ndama akipatikana, nani ataamua aishi wapi? Kifungu cha 69 cha Katiba kinadai manufaa ya maliasili yagawanywe kwa usawa. "Fahari yetu" si jibu.

7/ La tatu, na kwangu ndilo zito: jirani wa mbuga anapata nini? Sheria ya 2013 inataja fidia ya milioni 5 mtu akiuawa na mnyama aliyeorodheshwa. Kuna familia zimesubiri miaka. Hilo deni halikuletwa na Fatu. Limeletwa na bunge na serikali zisizotenga pesa za kutosha.

8/ Kwa hivyo akikupangia kifaru dhidi ya mwenye njaa, muulize alipigaje kura siku ya fidia.