Kusi, Kaskazi na Samaki wa Pwani

Mnunuzi afikaye katika soko la samaki mjini Mombasa au Malindi mwezi wa Januari aghalabu hukuta nguru na jodari wakubwa. Akirudi mwezi wa Julai huenda akakuta tafi, pono na changu wadogo tu, tena kwa bei ya kupanda. Wako wadhanio kwamba wachuuzi wameficha mali ili wapate faida. Lakini sababu kubwa ni pepo mbili zitawalazo bahari ya Kenya, tangu Kiunga hata Vanga.

Upepo wa kaskazi huvuma tangu mwezi wa Desemba hivi hata Machi. Katika majira hayo bahari hutulia, maji huwa maangavu, na joto lake hukaribia nyuzi 29 za Selsiasi. Mashua na ngalawa huweza kupita mlango wa mwamba na kwenda nje, ambako wavuvi hupata nguru, jodari, kolekole na mzia kwa mishipi na majarife. Tena katika majira hayo mkondo wa maji upandao kutoka kusini hukutana na mkondo ushukao kutoka Somalia. Mikondo hiyo miwili hugeuka kuelekea bahari kuu, na maji ya chini yenye rutuba huinuka upande wa kaskazini ya Malindi. Ndiyo sababu bahari ya kuelekea Lamu husifiwa kwa wingi wa samaki.

Kusi huanza mwezi wa Aprili, ikafuatana na mvua ya masika, na huendelea mpaka Septemba au Oktoba. Mawimbi huwa makubwa, maji hupoa hata kufikia nyuzi 25 hivi, na mitumbwi midogo haiwezi kutoka nje ya mwamba bila hatari. Wavuvi wengi hubaki ndani, penye maji haba na majani ya bahari. Lakini si kila mtu hupata hasara wakati wa mvua. Mito ya Tana na Sabaki ikifurika huleta chakula kingi baharini, na kamba huonekana kwa wingi katika ghuba ya Ungwana.

Jambo la pili ni mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mwamba huachwa wazi, na watu huenda kwa miguu kutafuta pweza. Siku za maji mafu bahari haitembei sana, na pweza huwa vigumu kufikiwa.

Hata hivyo, pepo na mwezi peke yake havitoshi kueleza mambo yote. Katika majira ya kusi wavuvi wengi husongamana katika sehemu ile ile ndogo, na humo ndimo wanamokulia watoto wa samaki. Mtu akikokota juya humo huzoa wakubwa kwa wadogo, na hung'oa majani yanayowalisha. Samaki avuliwaye kabla ya kuzaa hata mara moja haachi mbegu, na hasara yake huonekana katika kaskazi zijazo. Kwa ajili hiyo Serikali ilipiga marufuku juya na bunduki za kuchomea samaki mwaka 2001. Walakini katika sehemu nyingine amri hiyo haikufuatwa, kwani mtu mwenye njaa leo si rahisi kumwambia angoje mwakani.

Hesabu za Serikali za mwaka 2019 zilionyesha kwamba bahari ilitoa zaidi ya tani 20,000 za samaki, na sehemu kubwa ilivuliwa na wavuvi wa vyombo vidogo. Kwa hivyo hatima ya kitoweo hiki imo mikononi mwa watu wa vijijini wenyewe. Mwaka 2005 wenyeji wa Kuruwitu, katika Kilifi, walikubaliana kutenga eka 70 hivi za bahari yao, pasivuliwe kitu. Mahali pa namna hiyo huitwa tengefu. Samaki waliongezeka humo, na wengine hutoka na kuingia sehemu zinazovuliwa. Vijiji vingine vya Pwani vimefuata mfano huo.

Vile vile watumiao malema wameonyeshwa njia nyepesi: kuacha mwanya mwembamba pembeni mwa lema, ili samaki wachanga wapite na wakubwa wabaki. Mwanya huo hauhitaji chombo kipya wala gharama kubwa.

Hata mnunuzi ana sehemu yake. Wakati wa kaskazi, samaki wakiwa tele na bei ikishuka, yafaa kununua zaidi na kukausha ng'onda kwa ajili ya miezi ya upungufu, kama walivyofanya wazee. Tena akatae kununua samaki walio wadogo kupita kiasi, kwani mvuvi hatavua asichoweza kuuza. Kusi haizuiliki, bali samaki wachanga wakiachwa wakakua, mvuvi atawakuta nje ya mwamba bahari itakapotulia.