Apewe Chakula
Katika Marko 5, Yesu alipomfufua binti wa Yairo, mwenye miaka 12, aliagiza apewe chakula. Sisi akina mama twalielewa neno hilo. Lakini mtoto akiharisha, wengi wetu twamnyima uji, ati tumbo lipumzike. Sivyo! Mnyonyeshe, mpe uji kidogo kidogo. Kama huna dawa ya pakiti ya zahanati, koroga lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi isizidi, itamdhuru. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa majuma 2: ugali kwa omena, au maharagwe. Macho yakididimia, au akishindwa kunywa, mkimbize hospitali. Maombi mtaomba njiani.